Gari la umeme lenye kioo kama TV, lina faida au ni mbwembwe? (niko Mbeya)

Nzovwe_Juu:
Habari wakuu. Niko Mbeya, mizunguko yangu ni Nzovwe, Mwanjelwa na Uyole, mara mojamoja wikiendi Tukuyu kwa wazee. Nimechoka na bei ya mafuta nataka nihamie kwenye umeme. Yananichanganya mawili, moja ni Nissan Leaf mtumba wa Japani ile ya zamani ya betri ya uniti 24, kioo kidogo na maandishi yote kijapani, la pili la mchina, jipya, kioo kikubwa hicho na kinazunguka, unaliambia washa hita linawasha. Tofauti ya bei unapata kiwanja kabisa. Mama watoto kaliona hilo la pili basi haambiliki. Mliotumia, hayo madoido yanasaidia kweli?

fundi_kabwe:
Mkuu kwenye hiyo Leaf kioo cha kati hata kikifa gari linatembea, hita na feni zina vitufe vyake vya kubonyeza. Chaji inaonekana dashibodi mbele ya usukani, pale pembeni kuna vistari 12 ndo uzima wa betri, ukiona kimepungua kimoja tu ujue kama asilimia 15 ishaenda. Ila usiviamini sana maana kuna wajanja wanavirudisha vyote 12 ili wauze. Tafuta kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachoongea na simu, weka programu ya LeafSpy uone seli mojamoja. Kwangu mimi hicho ndo kioo chenye faida. Ramani ya mle ni ya Japani haikusaidii kitu, redio nayo inaanzia 76 na inaishia 90 au 95, stesheni nyingi za kwetu huzipati mpaka ufungiwe kidude cha kushusha masafa. Hiyo ndo mitumba bana

kamwene_255:
Kamwene wadau. Mi nina la kioo, kampuni sitaji, nipo nalo Iringa. Nisiwe mnafiki, lina raha yake, ukiliambia unaenda wapi linapiga hesabu pamoja na ya kupanda mlima kabisa, linakwambia utafika na asilimia ngapi, na kwa milima yetu hii hesabu ya kilomita peke yake inadanganya sana. Sasa shida yake, kila kitu kiko mle kwenye kioo. Mwezi wa saba natoka Mafinga usiku, baridi unaijua, kioo kikaganda hakishikiki, na hita na feni ya kutoa mvuke ziko humohumo, kioo cha mbele kikajaa mvuke ikabidi nipaki pembeni nafuta na kitenge cha shangazi aliyekaa nyuma huku malori ya Tunduma yanapita yanapiga honi. Nilizima nikawasha mara tatu ndo kikarudi. Na sio langu tu, Tesla wenyewe 2021 waliyaita yarudi kurekebishwa magari yao ya Model S na Model X kama laki 1 na elfu 35 kule Marekani kwa sababu memori ya kioo ilikuwa inachoka, kikifa unapoteza kamera ya nyuma na setingi za kutoa mvuke. Ukungu wa Songwe mnaujua nyie, piga picha hapo.

Nzovwe_Juu:
duh, hilo la mvuke sikuliwaza kabisa

mparachichi_njombe:
Naongezea moja kaka, hizo apu za kuwasha hita ukiwa bado kitandani zinaishi kwa hisani ya kampuni. Uingereza 2024 Nissan walizima apu ya Leaf za kabla ya 2016 sababu mitandao ya 2G inafungwa, gari zima betri zima lakini simu haiongei nalo tena. Na wazungu wenyewe wameanza kurudi kwenye vitufe, Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari Ulaya, kuanzia 2026 gari likitaka nyota tano lazima indiketa, honi, wipa na taa za hatari ziwe na swichi zake. Nenda kalipande hilo la mchina, jaribu kutoa mvuke na kuwasha wipa bila kugusa kioo. Likigoma achana nalo hata liwe linaimba.

fundi_kabwe:
Nyongeza, wewe wa Tukuyu, ukishuka kuelekea Kyela usiondoke na chaji 100, betri ikijaa gari haliwezi kurudisha umeme kwenye mteremko unabaki unakula breki tupu. Ondoka na 80 hivi utanishukuru. Na hilo utaliona dashibodi, sio kwenye TV

Nzovwe_Juu:
Ndaga fijo wakuu. Jumamosi naenda yadi na mama watoto, yeye atakaa kwenye kioo mimi natafuta swichi ya wipa. Fundi hicho kidude cha LeafSpy unacho hapo Kabwe au naagiza Dar?

fundi_kabwe:
Kipo, njoo na simu yenye chaji