Gari ikipaki siku mbili betri imekufa, na betri yenyewe mpya! Wakuu msaada

Kiberenge07
Habari za muda huu wakuu. Gari yangu nikiitumia kila siku haina neno, asubuhi nagusa tu imewaka. Ila nikiipaki Ijumaa jioni nisiiguse mpaka Jumatatu asubuhi, basi ni tik tik tik tik, taa za dashibodi zinafifia halafu kimya, naanza kutafuta mtu wa kunishtulia. Betri ya kwanza fundi alisema imekufa nikabadilisha, hii ya pili ni ya 60Ah (ampia-saa, yaani umeme inaobeba) ina mwezi na nusu na mchezo ni ule ule. Taa siachi, redio nazima, milango nafunga. Sasa nimeuziwa betri feki au gari ndo inakula umeme? Mita ya kidijitali ninayo ila naitumiaga kupima soketi za nyumbani tu, kwenye gari sijawahi.

Mtaalam wa Siti ya Nyuma
Alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, haichaji hiyo mkuu. Washa gari, ikiwa inaunguruma chomoa taminali moja ya betri, ikizima ujue alteneta kwisha habari. Dakika moja tu.

BiSpana
Jamani hilo la kuchomoa taminali injini ikiwaka muache kufundishana!! Enzi za gari zisizo na kompyuta watu walifanya wakasalimika. Betri ndo inayotuliza umeme wa alteneta, ukiitoa ghafla volti zinaruka juu na unaweza kuunguza kompyuta ya gari au dayodi za alteneta yenyewe, yaani ulikuwa na tatizo moja sasa unayo matatu. Mita anayo, gari ikiwaka aiweke kwenye volti DC aguse vichwa viwili vya betri, ikisoma kati ya 13.8 na 14.5 inachaji.

Kiberenge, kabla hujanunua betri ya tatu jua kwanza mwizi yuko ndani ya betri au ndani ya gari. Chaji betri ijae, iache saa kadhaa itulie, pima, betri nzima iliyojaa inakaa 12.6 hivi. Halafu toa waya wa hasi, iache siku mbili hivyo hivyo haijashikana na kitu, pima tena. Ikibaki 12.5 au 12.6 betri haina kosa. Ikishuka 12.2 hiyo ni nusu tayari, na kama imeshuka yenyewe bila gari kuigusa basi irudishe uliponunua.

Kiberenge07
Nimerudi. Gari ikiwaka 13.9. Betri niliichaji ikakaa 12.65, siku mbili bila waya nimekuta 12.62. Kwa hiyo betri nzima??

BiSpana
Nzima kabisa. Gari ndo inakula, sasa tupime inakula kiasi gani na hapa usiwe na haraka maana ndipo wengi wanapojidanganya.

Fungua boneti, fungua na mlango wa dereva, halafu ile komeo ya mlango isukume kwa bisibisi mpaka ijifunge kama vile mlango umefungwa, unataka gari iamini imefungwa huku wewe unafika kwenye fyuzi (ukimaliza vuta kitasa komeo ifunguke kabla hujaubamiza mlango, mimi nilishasahau siku moja, acha tu). Ufunguo kama ni wa rimoti peleka mbali, gari nyingine ukikaa nao mfukoni hazilali. Kwenye mita waya mwekundu uhamishie tundu la 10A, kitufe weka ampia DC. Toa waya wa hasi wa betri na mita iingie katikati, ncha moja kwenye kichwa cha betri nyingine kwenye ule waya uliotoa, umeme wote unaoliwa upite ndani ya mita. Usiguse swichi ya kuwashia wala taa kubwa mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi ya mita.

Mwanzoni inaweza kusoma ampia kadhaa, usishtuke, kompyuta zimeamka. Subiri nusu saa, nyingine mpaka saa nzima. Ikitulia chini ya 0.05, yaani miliampia 50, ni kawaida, hapo wanakula saa, alamu na kumbukumbu ya redio. Ikigoma juu ya hapo kuna kitu. Balbu ya buti ya wati 5 ikibaki inawaka ni kama 0.4, kwa siku imeondoka na karibu 10Ah, na wewe umefunga buti huioni.

kimya_kingi
Naongezea hapo kwa BiSpana, anza na kila kitu kilichofungwa baada ya gari kutoka kiwandani, redio, traka, kamera ya dashibodi, ampu ya mziki. Yangu ilikuwa redio, aliyeifunga aliunga waya mwekundu unaotakiwa kufuata swichi pamoja na wa njano wenye umeme muda wote, kwa hiyo redio haikujua kama gari imezimwa. Kioo kimezima ila ndani iko macho usiku kucha.

Na kwenye fyuzi usianze kuchomoa moja moja, ukirudisha tu unaamsha kompyuta upya unasubiri tena nusu saa. Weka mita kwenye milivolti, gusa vile vidoti viwili vya chuma mgongoni mwa fyuzi, ikisoma sifuri hapo hapapiti umeme, ikisoma hata milivolti kidogo fuata hiyo njia. Ila ukitaka mita moja ifanye kazi hii basi rudisha waya wa betri kwanza gari ilale upya.

Kiberenge07
Wakuu imetulia 0.62 baada ya kama dakika 40!! Nimepima fyuzi za ndani na za kwenye boneti, zote sifuri. Redio nimeichomoa kabisa, traka sina. Taa ya buti niliacha simu ndani inarekodi video nikafunga, inazima vizuri. 0.62 haitikisiki. Kitu gani kinakula bila kupita kwenye fyuzi?

BiSpana
Hiyo ya simu safi sana. Sasa namshuku alteneta. Waya wake mnene unaenda betri moja kwa moja au kupitia ile fyuzi kubwa ya kufunga kwa nati, fyuzi ndogo haijui habari zake. Dayodi zake kazi yake ni umeme utoke usirudi, moja ikianza kuvuja basi ukizima gari umeme wa betri unarudi humo humo. Na 13.9 haikuweza kukuambia, inaweza ikachaji vizuri mchana usiku ikaiba.

Kesho alfajiri kabla hujawasha, betri ikiwa imeunganishwa usiku mzima, weka kiganja kwenye alteneta halafu kwenye injini. Injini baridi alteneta ina kajoto, umempata. Kuhakikisha, toa KWANZA hasi ya betri, ule waya mnene una umeme saa zote, spana ikigusa bodi utaona cheche zake. Ndo ufungue waya mnene wa alteneta, uzungushie solotepu, rudisha mita usome.

Mtaalam wa Siti ya Nyuma
Si nilisema alteneta mimi?

BiSpana
Ulisema haichaji 😂

Kiberenge07
Wakuu. Saa kumi na moja alfajiri nimetoka na tochi, injini baridi kama jiwe la mtoni, alteneta ina uvuguvugu kama kiti alichotoka mtu sasa hivi. Nilirudia kuishika mara tatu siamini. Nikafungua waya mnene, nikasubiri, mita ikasoma 0.03.

Fundi umeme ameifungua, amebadilisha ile sahani ya dayodi tu, alteneta nyingine haikuhitajika. Nimepaki siku nne makusudi, leo nimekuta 12.54 na imewaka mara moja. Asanteni sana, BiSpana na kimya_kingi Mungu awabariki, na wewe wa siti ya nyuma pia basi.

kimya_kingi
Safi. Sasa ile betri ya kwanza iliyosemekana imekufa iko wapi? Ichaji uipime, huenda nayo ilikuwa nzima.

Kiberenge07
Nilimwachia yule fundi wa mwanzo. Alisema atanisaidia kuitupa.