Mbwa wetu Kamanda hali chakula, na kila mtu "alimpa kidogo tu"

Kikundi: NYUMBANI KIMARA 🏠
Jumatatu

06:12 Upendo: Mmeamkaje wapendwa, wakubwa shikamooni. Kamanda anaumwa. Katapika mara nne tangu saa nane usiku, hii ya mwisho ni maji ya njano na povu tu. Na anaharisha. Nimempa maji kanywa, hazikupita dakika mbili kayarudisha yote kwenye zulia la sebuleni.

06:14 Mama Mdogo: Marahaba mwanangu, pole. Zulia lile jipya?

06:14 Upendo: Ndilo.

06:15 Mama Mdogo: Pole sana.

06:17 Mjomba Deo: Huyo kawekewa sumu. Yule bwana wa geti la bluu si alilalamika Kamanda anabweka alfajiri? Navaa viatu.

06:18 Upendo: Mjomba unakwenda wapi jamani

06:21 Neema: Mpe maziwa da Upe, yanaua sumu

06:22 Frank: Au mkaa wa kusaga. Sisi wa bweni tulimpa mbwa wa shuleni flajili (ile dawa ya kuharisha) nusu akapona

06:23 Mama Mdogo: Diklofenaki ninayo hapa kwenye mkoba, robo tu itamtuliza maumivu

06:26 Elia SUA: SIMAMENI HAPO HAPO. Shikamooni. Mimi ndiye ninayesomea udaktari wa mifugo huku SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, nisikilizeni. Msimpe chochote. Diklofenaki kwa mbwa inatoboa tumbo, tena mdogo hivyo. Maziwa yatamzidishia kuharisha na hayaui sumu yoyote. Mkaa kwa anayetapika unaweza kuingia kwenye mapafu.

06:27 Mama Mdogo: Mkoba nimeufunga.

06:28 Elia SUA: Dada, inua mdomo wake wa juu. Bonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, halafu achia. Unarudi rangi baada ya muda gani?

06:31 Upendo: Unarudi pinki kabla sijamaliza kuhesabu mbili. Ila fizi zinanata, si kama siku zote.

06:32 Elia SUA: Damu inazunguka, lakini maji mwilini yameanza kupungua. Fizi zingekuwa nyeupe ningefikiria minyoo ya safura au vitunguu, zingekuwa za njano ningefikiria ini. Kinyesi kina damu?

06:33 Upendo: Hapana. Ni uji wenye kamasi, unang'aa kama umepakwa mafuta.

06:34 Elia SUA: Anatetemeka? Mate yanachuruzika? Mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano?

06:36 Upendo: Hapana, hapana, hapana.

06:37 Elia SUA: Basi sumu ya wadudu siioni. Na sumu nyingi za panya huanza kwa kuvuja damu siku kadhaa baadaye. Mjomba umesoma?

06:37 Frank: Mjomba tiki moja tu. Kashatoka.

06:41 Upendo: [Picha] Amekaa hivi tangu alfajiri. Kifua chini sakafuni, makalio juu.

06:42 Neema: Anasujudu 😂 ile sherehe ya ubarikio wa Junia ya Jumamosi imemgusa

06:43 Elia SUA: Msicheke. Mbwa akikaa hivyo tumbo la juu linamchoma. Chanjo zake vipi? Parvo, kile kirusi cha kutapisha na kuharisha, hupenda watoto wa mbwa ambao hawajachanjwa, lakini naomba niulize.

06:44 Upendo: Ana miaka mitatu, kadi yake imejaa. Minyoo alikunywa dawa mwezi uliopita.

06:45 Elia SUA: Amekula nini?

06:45 Upendo: Chakula chake cha paketi, robo kikombe asubuhi, robo jioni. Basi.

06:46 Elia SUA: Na wengine mlimpa nini?

06:52 Elia SUA: Nawaona mmesoma. Tiki za bluu zimejaa.

06:53 Neema: Mimi kipande cha chapati Jumamosi. Kidogo tu.

06:54 Frank: Ngozi ya kuku. Mbili. Sawa, tatu.

06:54 Mama Mdogo: Alilamba krimu ya keki kwenye kidole changu, alikuwa ananitazama jamani

07:03 Mjomba Deo: Ubavu mmoja wa mbuzi. Mfupa nilimnyang'anya. Ila nipo getini kwa jirani, nitawaambia.

07:04 Elia SUA: Mjomba, una kilo ngapi?

07:04 Mjomba Deo: 96. Kwa nini?

07:05 Elia SUA: Kamanda ana 4. Ubavu wako mmoja kwake ni kama wewe ule mbavu 24.

07:05 Mjomba Deo: Nimeshawahi.

07:07 Upendo: Umemwambia nini jirani??

07:09 Mjomba Deo: Hayupo. Mkewe anasema yuko Tanga tangu wiki iliyopita. Nikasema nimepita kuwasalimia.

07:09 Upendo: Saa moja asubuhi?

07:10 Mjomba Deo: Na yeye kaniuliza hivyo hivyo. Kanikaribisha chai, nakunywa hapa.

07:12 Elia SUA: Dada, alianza lini kukataa chakula chake?

07:14 Upendo: Ngoja nikumbuke... Ijumaa jioni aliacha bakuli limejaa. Nikadhani anadeka kwa sababu ya wageni.

07:15 Elia SUA: Sherehe ilikuwa Jumamosi. Kwa hiyo kuna kitu kilitangulia sherehe. Ubavu na ngozi vilimalizia tu. Kipi kilibadilika hapo nyumbani kabla ya Ijumaa?

07:16 Frank: Hakuna. Bibi tu alifika Jumanne kutoka Marangu

07:16 Neema: Frank

07:17 Frank: Nini

07:18 Mama Mdogo: Mimi simuulizi.

07:18 Neema: Wala mimi. Elia, wewe ndiye msomi.

07:20 Elia SUA: Shikamoo Bibi. Umeamkaje? Samahani Bibi, Kamanda anaumwa, daktari atataka kujua kila kilichoingia tumboni. Kuna kitu ulimpa?

07:29 Bibi: 🎤 [sauti, 2:41]

07:33 Neema: Kwa walioko kwenye daladala nawaandikia. Bibi anasema marahaba. Anasema alikuta mbwa anapewa kokoto. Kokoto kavu kwenye bakuli, akaona aibu, huyu naye ni kiumbe. Kila alfajiri akishasali alikuwa anampashia kijiko cha mafuta ya mbuzi, yale aliyoengua juu ya supu akayaweka kwenye kikombe chake cha bati friji ya chini, anamwagia kwenye ndizi za mtori. Kamanda analamba mpaka bakuli linang'aa. Tangu Jumatano.

07:34 Elia SUA: Kijiko gani Bibi, cha chai?

07:36 Bibi: 🎤 [sauti, 0:04]

07:36 Neema: "Kile cha kupakulia."

07:37 Frank: UPAWA????

07:38 Elia SUA: Dada mpeleke sasa hivi. Nahisi ni kongosho. Kazi yake ni kutoa vimeng'enya vya kusaga chakula, mafuta yakiwemo. Likishtuliwa na mafuta mengi linaweza kuvimba, vile vimeng'enya vinaanza kazi humo humo ndani, linajisaga lenyewe. Ndiyo maana anainama vile. Ila mimi niko mwaka wa nne, sijahitimu, aamue daktari. Mweleze habari ya upawa, usione haya.

09:48 Upendo: Tumepimwa. Joto 39.7, mbwa mzima kwa kawaida hazidi 39.2 hivi. Kipimo cha parvo hasi. Ultrasaundi imeonyesha kongosho limevimba. Daktari alipoandika "mafuta ya mbuzi, upawa mmoja, siku tano" aliinua kichwa akanitazama.

09:50 Upendo: Ametundikiwa dripu, kachomwa sindano ya kuzuia kutapika na ya maumivu. Analala huku.

09:53 Mjomba Deo: Bili nitumie mimi.

10:15 Bibi: 🎤 [sauti, 1:20]

10:17 Neema: Bibi anauliza mbona mbwa wa Marangu wanakula hivyo hivyo na wanalinda migomba mpaka wanazeeka. (Sauti yake si nzuri, Elia, jibu taratibu.)

10:24 Elia SUA: Bibi yangu, wale wa nyumbani wana kilo 20, wamezoea toka wadogo, na wanashinda mlimani wakikimbia. Huyu analala kwenye kochi. Hata wale wapo wanaougua, ila hatuwapimi. Wewe ulimpenda tu. Na usingesema ukweli, daktari angekuwa bado anatafuta.

Jumatano

17:05 Upendo: Tumerudi! Wali laini na kifua cha kuku cha kuchemsha, bila ngozi, bila chumvi, bila kitunguu. Vijiko viwili mara nne kwa siku, halafu polepole arudi kwenye kokoto zake. Mafuta marufuku. Nimebandika karatasi kwenye friji.

17:06 Mama Mdogo: Na zulia?

17:06 Upendo: Zulia lipo kwa dobi.

17:11 Mjomba Deo: Yule bwana wa geti la bluu karudi. Kaniletea machungwa ya Muheza, anasema mkewe kamwambia nilikwenda kuwajulia hali. Sijui nifanye nini.

17:12 Frank: Kula 😂

18:40 Bibi: 🎤 [sauti, 0:06]

18:41 Neema: Bibi anauliza nani kachukua kikombe chake cha bati kwenye friji.

18:55 Neema: Jamani, anauliza tena.