Mnaonjaje bia za krafti na washkaji bila kuharibu zoezi?

Segerea_Mwisho:
Wakuu habari za jioni. Sisi tupo sita, tunajuana tangu chuo, kila mwisho wa mwezi tunakutana kwa mmoja wetu huku Tabata, tunachanga hela tunanunua bia za krafti, zile za viwanda vidogo, ambazo hatujawahi kunywa, kila mtu anaandika kwenye daftari halafu mimi nakusanya nawawekea kwenye grupu. Jumamosi zilikuwepo nane. Mshkaji mmoja alitoka Cape Town kikazi akaja na King's Blockhouse ya kiwanda cha Devil's Peak, hiyo ni IPA, aina ya bia chungu, zingine kulikuwa na stauti, ile nyeusi, ya ngano, na laga.

Sasa tulianza na hiyo IPA maana ndo kila mtu alikuwa anaisubiri, aisee baada ya hapo zote zikawa kama maji. Halafu kuna mwenzetu ana sauti kubwa, akionja tu anasema "hii mbovu", basi ukifungua daftari zote sita zimeandikwa mbovu. Jumapili nimekaa nasoma zile karatasi nimeumia kweli, hela ya watu imeenda na hatujajifunza kitu. Pia kulikuwa na moja ya chupa ya kijani ilikuwa inanuka vibaya sana, sijui ndo ladha yake au imeharibika. Mnaofanya haya mambo naombeni muongozo.

Kimea_na_Maji:
Mkuu kosa la kwanza ni mpangilio. IPA imejaa hopsi, yale maua yanayotoa uchungu, na ule uchungu ukishakaa kwenye ulimi hauondoki haraka. Anza na nyepesi, laga au ya ngano, kisha nyekundu nyekundu, stauti, IPA na zenye kilevi kikali weka mwisho. Katikati maji na mkate mkavu. Nyama choma na pilipili isubiri mpaka mmalize kuandika, najua inauma lakini pilipili ikishapita hapo huonji tena unakunywa tu.

La pili, baridi. Sisi Dar tumezoea ukikaa tu unaulizwa ya moto au ya baridi, na ya baridi inatoka imeganda kabisa. Baridi kali inaua harufu, na nusu ya ladha ya bia ni harufu. Laga sawa ipoe, ila stauti itoe kwenye friji kama dakika ishirini kabla, kwa joto letu hili inatosha kabisa, utashangaa kahawa na chokoleti zinavyojitokeza. Hizo siyo kwamba wameweka chokoleti (wapo wanaoweka), ni shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi.

Chupa ya kijani: hiyo imepigwa na mwanga. Mwanga wa jua ukigusa vitu vinavyotoka kwenye hopsi inatokea harufu kama ya kicheche. Chupa ya kahawia inazuia sana, ya kijani na nyeupe hazizuii vizuri. Kwahiyo usimlaumu aliyeipika, huenda ilikaa dirishani dukani au kwenye gari.

Kaunta_Sinza:
Nimesimama kaunta miaka sita naongezea kidogo. GLASI. Ikioshwa na sabuni ya mafuta halafu ikafutwa na kitambaa cha jikoni povu halikai, na mtu ataandika bia haina povu kumbe glasi ndo chafu. Suuza kwa maji mengi, igeuze ikauke yenyewe.

Na huyo mwenye sauti msimfukuze jamani, mfungeni mdomo kwa utaratibu tu. Mtu mmoja amimine jikoni, kidogo kidogo vidole viwili, glasi ziwe na namba, hakuna anayejua ipi ni ipi, hakuna kuongea mpaka wote waandike. Wale majaji wa bia wa Marekani wanaoitwa BJCP wanatoa alama 50: harufu 12, muonekano 3, ladha 20, inavyokaa mdomoni 5, kwa ujumla 10. Ona muonekano ulivyopewa kidogo. Halafu nane kwa usiku mmoja ni nyingi, tano zinatosha, na magari yabaki nyumbani.

Mmachame_Dar:
Mmetaja bia za ufundi zote mmesahau mbege. Ndizi mbivu zinachemshwa zinaachwa siku kadhaa, unachanganya na uji wa kimea cha ulezi, na uchungu unatoka kwenye gome la msesewe, yaani kazi ileile ya hopsi mama zetu wanaifanya kwa gome la mti. Na kila mpishi ana mkono wake, nyumba hii na ile mbege ni mbili tofauti, siku ya kwanza tamu siku ya tatu chachu. Kama hiyo siyo krafti mimi sijui krafti ni nini. Iwekeni kwenye namba zenu bila kusema, mje mseme imepata ngapi kati ya 50.

Segerea_Mwisho:
Asanteni sana wakuu, hii ya namba na kumimina jikoni nimeshawatumia wenzangu hata yule mwenye sauti kakubali. Tano tu mwezi huu. Na mbege inaingia, nna shangazi Moshi nitampigia kesho anitumie dumu kwa basi. Itakuwa namba ngapi kwenye mpangilio?

Mmachame_Dar:
Weka baada ya ya ngano kabla ya stauti. Mwambie shangazi apakie ya siku hiyohiyo na dumu asilijaze, mfuniko asikaze mpaka mwisho, mbege bado inachemka humo ndani na gesi ikikosa pa kutokea itamwagika kwenye mizigo ya watu kabla hata ya Chalinze.