Prosesa yangu imezuiwa forodhani

Mama Zuhura, Hamburg:
Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Kompyuta ya mwanangu ina prosesa i3-2100 kwenye madabodi (bodi kuu) ya H61, imechoka. Nikaagiza China prosesa i7-3770 iliyotumika, euro 32. Ikaja barua: nifike forodhani na ankara na uthibitisho wa malipo. Nimepanga foleni asubuhi nzima, nimerudishwa. Picha ya oda haitoshi, wanataka taarifa ya benki. Nililipa kwa kadi ya mume wangu, naye yuko Tanga mpaka mwezi ujao. Nina siku saba. Taarifa yenye jina lake watanikubalia?

Rashid, Bonn:
Pole dada. Kifurushi hakikuwa na IOSS, namba ya kuonyesha muuzaji ameshakutoza VAT, hilo ndilo tatizo. Msamaha wa VAT wa chini ya euro 22 ulifutwa Julai 2021. Mimi waliniita kwa kanga alizonitumia mama!

Neema, Leipzig:
Kaka Rashid, soma vizuri, ameuliza kadi. Halafu IOSS si kinga. Yangu ilikuwa nayo, muuzaji hakuipeleka kwenye mfumo, nikalipa asilimia 19 mara mbili. Dada, VAT ya euro 32 ni kama euro 6 tu. Ungetafuta prosesa Q6600, hapa zinauzwa bei ya kutupa.

Mzee Salim, Köln:
Neema, Q6600 ni ya soketi (tundu la kukalia prosesa) 775, madabodi ya Mama Zuhura ni 1155. Haiingii! Msimpotezee mtu hela. Mwanangu, H61 nyingi hazitambui prosesa za kizazi cha tatu, kama hiyo i7-3770, mpaka usasishe BIOS (programu ya madabodi inayowasha kompyuta), na isasishe wakati i3 ingali ndani. Ukishaitoa, skrini itabaki nyeusi. Wala usichukue prosesa Xeon E3-1230 v2 kwa unafuu wa bei. Nilinunua, haina grafiki za ndani, nikalazimika kununua kadi ya grafiki. Windows 11 sahau, inataka prosesa kuanzia kizazi cha nane. Weka Linux Mint, mfumo wa bure.

Rashid, Bonn:
Kariakoo fundi angeifungua mbele yako, mnaijaribu palepale, isipowaka anakupa nyingine. Nimekumbuka hata lile joto.

Neema, Leipzig:
Nyumbani Tanzania kwenyewe, ukichukua uraia wa huku unapoteza wa kule. Wakenya wana uraia pacha tangu Katiba ya 2010, sisi bado tunaomba.

Mzee Salim, Köln:
Hilo lina uzi wake, Neema.

Mama Zuhura, Hamburg:
Ahsanteni, BIOS nitaisasisha leo. Ya kadi ya mume wangu bado sijajibiwa. Zimebaki siku nne.