Naombeni ushauri: nafanya utafiti wa wanawake waliojifungua na wanauguza nyumbani, mama mkwe anasikiliza kila kitu

Binti_wa_Makorora

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Niko mwaka wa pili masta ya saikolojia, utafiti wangu ni wa wanawake waliojifungua ndani ya mwaka mmoja na wakati huohuo wanauguza mtu nyumbani, wengi ni mkwe aliyepooza kwa kiharusi. Nataka kujua kuuguza kunaingiliana vipi na sonona ya baada ya kujifungua na afya ya uzazi kwa ujumla. Niko Tanga mjini, mitaa ya uswahilini, vibali ninavyo vyote kuanzia kamati ya maadili mpaka kwa mtendaji wa mtaa so hilo tusilijadili.

Sasa nimeanza kulijaribu dodoso nimekwama. Kwanza faragha. Nyumba zenyewe mnazijua, vyumba vya kupanga korido katikati, mgonjwa kalazwa chumba cha mbele penye hewa, mimi na mhojiwa tuko uani kwenye mkeka, hatujavuka hata swali la umri wifi kashakuja na ungo wa mchele anachagua pembeni yetu. Juzi namuuliza dada mmoja unapata muda wa kupumzika, kabla hajafungua mdomo mama mkwe anajibu kutokea ndani "anapumzika vizuri tu huyo, mchana kutwa analala", na huyo mama ndio mgonjwa mwenyewe, upande mmoja haufanyi kazi ila masikio mazima. Dada akacheka akaniambia andika hivyohivyo.

Pili natumia lile dodoso la Edinburgh la kupima sonona ya waliojifungua, lina maswali 10, la mwisho linauliza kama ndani ya siku 7 zilizopita umewahi kupata wazo la kujidhuru. Kuna mmoja akanijibu "mara chache sana" huku anaendelea kukamua khanga za mgonjwa kama vile kanitajia bei ya nyanya. Sapavaiza anasema andika alama songa mbele, wewe unakusanya data hutibu mtu. Roho yangu inakataa.

Tatu huyohuyo sapavaiza anataka wanaume niwatoe kabisa kwenye andiko, anadai huku mwanaume hauguzi. Mbona mimi nawaona? Naombeni ushauri wa kujenga, wa kejeli pita kushoto.

Kashata_ya_Nazi

Siti ya mbele hapa na karanga zangu. Huyo mama mkwe apewe yeye hiyo masta.

Mkongwe_wa_Dodoso

Mdogo wangu hilo la faragha halijaanza na wewe. Nimezunguka na madodoso miaka mingi, kaya na kaya, na nakwambia hakuna nyumba ya Kiswahili itakayokuachia mke wa mtoto wao peke yake bila sababu, so lazima uwape sababu.

Tafuta ule utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa afya ya wanawake na ukatili majumbani, ripoti ilitoka 2005, nchi 10, kwetu ulifanyika Dar na Mbeya. Mtaani haukutambulishwa kama utafiti wa kupigwa, ulitambulishwa kama wa afya ya wanawake na maisha yao, ambayo sio uongo. Nyumba moja anahojiwa mwanamke mmoja tu ili asiwepo mwingine wa kujua kaulizwa nini. Na wahojaji walifundishwa mtu akitokea unabadilisha mada hapohapo, unahamia kwenye maswali mepesi, chanjo ya mtoto, uji anakunywa saa ngapi, akiondoka unarudi ulipoishia. Matokeo yake Dar asilimia 41 ya wanawake waliowahi kuwa na mwenza walisema mwenza kawahi kuwapiga au kuwalazimisha tendo, Mbeya 56. Hizo namba zisingetoka wifi akiwa hapo na ungo wake.

Kwahiyo tengeneza karatasi ya pili ya maswali mepesi iwe juu ya ile yenyewe. Halafu nenda na msaidizi, yeye kazi yake ni mama mkwe, akae naye ndani amuulize kwa adabu zote habari za ugonjwa wake, na majibu yaandikwe kweli usimfanye mjinga, mtu aliyelala kitandani miezi mingi ana maneno mengi na hana wa kumwambia. Ukimheshimu yeye, uani utapata saa nzima.

Ila hata ukishindwa kuwaondoa, andika. Weka kisanduku kwenye fomu: nani alikuwepo, alikaa umbali gani, alijibu swali lipi kwa niaba. Mwisho wa siku linganisha alama za waliohojiwa peke yao na za waliohojiwa mbele ya watu. Hiyo peke yake ni sura nzima ya tasnifu, na wenzako wengi wanaitupa kwenye aya ya "changamoto za utafiti".

Nesi_Mstaafu

Mwanangu marahaba. Nimefanya kliniki ya mama na mtoto mpaka nastaafu, ushauri wangu wahoji siku ya kliniki. Mtoto anatakiwa chanjo wiki ya 6, ya 10, ya 14, halafu surua miezi 9 na miezi 18, hapo katikati kuna kupima uzito. Hiyo ndio safari pekee mwanamke anaaga nyumbani na hakuna anayemuuliza maswali. Akiwa kwenye benchi anasubiri kadi anaongea mpaka unamuonea huruma.

Kingine, naona dodoso lako limejaa mawazo na huzuni tu, uliza na mwili. Hawa wananyanyua watu wazima. Mtu ana wiki sita tangu ajifungue, nyonga haijarudi vizuri, anamwinua mkwe wa kilo 80 kutoka kitandani kwenda kwenye ndoo peke yake, anamgeuza usiku asipate vidonda vya kulalia, kesho anakuja kliniki anasema "nesi nasikia kitu kinashuka huku chini". Kizazi kinataka kutoka huyo. Hasemi kwa mumewe, hasemi kwa mama mkwe, anajifunga khanga kwa nguvu anaendelea. Na wengine mkojo unawatoka wakikohoa. Hebu niambie mtu wa hivyo ukimpima sonona bila kumuuliza hilo umepima nini?

Halafu sindano ya uzazi wa mpango. Ni ya miezi mitatu, siku yake ikifika mgonjwa ana homa, hana wa kumwachia, anasema nitaenda wiki ijayo, wiki ijayo haifiki, unakuja kumuona na mimba ambayo hakuipanga na mgonjwa bado yuko kitandani. Muulize "mara ya mwisho ulienda hospitali kwa ajili yako wewe, sio mtoto sio mgonjwa, ilikuwa lini". Utaona anavyotafuta jibu.

Chuma_cha_Mjerumani

@Nesi_Mstaafu heshima kwako mama ila hilo la kliniki tupu nalipinga. Wenye mzigo mkubwa kabisa ndio hawaji kliniki, mtoto anabebwa na shangazi au bibi mzaa mama kwa sababu huyu hawezi kutoka. Ukihoji benchini tu unapata wale wenye nafuu halafu unaandika kwamba hali sio mbaya. Fanya kote, kliniki na nyumbani, na uandike nani alipatikana wapi.

Nesi_Mstaafu

@Chuma_cha_Mjerumani hapo umenishika baba, wapo hao, kadi inakuja mama haji.

Mwana_Mvita

Niko Mombasa, nimefanya kazi ya ushauri nasaha. Hilo swali la 10 sapavaiza wako akupishe kidogo. Waliolitunga 1987 kule Uskoti, Cox na wenzake, hawakulitia pale liwe pambo. Kila swali lina alama 0 mpaka 3, jumla 30, watu wengi wanaanza kushtuka kwenye 13, lakini swali la 10 halingojei jumla. Mtu anaweza kuwa na alama 6 zote pamoja na swali la 10 hajasema "kamwe", huyo unasimama naye.

Unasimamaje? Weka kalamu chini. Muulize kwa upole wazo lilikuja lini mara ya mwisho, lilikuja vipi, kuna njia ameifikiria, hiyo njia iko nyumbani? Kuuliza hakumtii wazo kichwani, hiyo ni hofu ya watu tu. Akikwambia njia anayo na anaitaka, hapo hakuna utafiti tena, humwachi peke yake mpaka afike hospitali. Kama ni wazo linalopita, unampa mtu wa kuzungumza naye, kwa jina na kwa namba, na huyo mtu uwe umekubaliana naye KABLA hujaingia uwanjani, sio unaanza kutafuta namba pale uani. Na kwenye fomu ya ridhaa uwe ulimwambia mapema kwamba siri zake unazitunza isipokuwa maisha yakiwa hatarini.

Huku kwetu Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kile kifungu cha kumshtaki aliyejaribu kujiua kinakwenda kinyume na katiba. Sijui wahojiwa wako wanaogopa polisi au la, lakini ujue hofu hiyo ipo mahali pengi.

Wakili_wa_Uswazi

Naongezea kwa upande wa bara, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217 kinasema kujaribu kujiua ni kosa. KUWAZA sio kosa, dodoso linauliza wazo, hilo mweleze mhojiwa vizuri. Na hizo rekodi za sauti kwenye simu yako angalia, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, habari za afya ni taarifa nyeti, jina likae mbali na majibu na simu isiwe ile ambayo mdogo wako anachezea gemu.

Kidume_Haswa

Mwanaume mzima unambadilisha mtu pampasi? Sapavaiza yuko sahihi, hao wanaume anaowaona dada ni wa kwenye tamthilia.

Fundi_Gereji_Ngamiani

@Kidume_Haswa mimi sio wa tamthilia, namuuguza mama yangu. Alianguka bafuni, kiharusi, mkono na mguu wa kulia. Gereji naingia saa nne badala ya saa moja. Alfajiri nambeba kumtoa kitandani, mke wangu ana kichanga hawezi kumbeba, namkalisha kwenye kiti cha plastiki nilichokitoboa katikati kwa moto, wanawake wanamuogesha mimi niko nje ya pazia nasubiri kuitwa. Usiku namgeuza. Dawa za presha nanunua mimi. Kumwogesha sijawahi, ni mama yangu siwezi kumtazama, na yeye hawezi kukubali, hilo la mke wangu na binti wa dada yangu.

Sasa sikiliza dada. Walishawahi kupita watu na karatasi hapa wakauliza "mlezi mkuu wa mgonjwa ni nani", nikajibu mke wangu. Sio nilidanganya, kwenye kichwa changu anayeuguza ni yule anayeogesha na kufua. Mimi nilijihesabu msaidizi tu. Kwahiyo ukiuliza nani anauguza utaambiwa mwanamke nyumba zote, hata zile ambazo mwanaume anakesha. Uliza jana. Jana alfajiri nani alimtoa kitandani, nani alimlisha, nani alifua, nani alikwenda duka la dawa, nani alilala naye chumba kimoja. Hapo utatuona. Na utawaona pia wale wanaojiita walezi halafu jana yote hawajagusa kitu.

Na mke wangu ana hali yake. Kuna siku namkuta amekaa jikoni jiko limezimika hajui. Hajawahi kuulizwa na mtu yeyote, mimi mwenyewe namuuliza anasema kachoka tu.

Kidume_Haswa

@Fundi_Gereji_Ngamiani sawa mkuu, nimekusoma. Mungu amfanyie wepesi mama.

Mkongwe_wa_Dodoso

Huyo fundi kakupa sura ya mbinu za utafiti bure, mshukuru.

Kwenye kupima mzigo wa anayeuguza naona wengi wanakimbilia lile dodoso la Zarit, la 1980 Marekani, siku hizi linatumika la maswali 22. Ni zuri ila lilitengenezwa kwa watu wanaolea wazee wenye kupoteza kumbukumbu, limekaa kwa mtu mmoja anayemlea mtu mmoja. Huku mzigo umekatwa vipande, wa kutuma hela yuko Dar, wa kuamua yuko Muheza, wa kufua yuko Makorora na ndiye asiyeulizwa kitu. Litumie lakini weka na hayo maswali ya jana. Pia soma kazi za Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili, amepima sonona kwa wajawazito wa Dar, uone mtu anavyolihakiki dodoso la wageni kabla ya kuliamini.

Kuhusu wanaume usigombane na sapavaiza. Takwimu zako ziache za wanawake, kwa sababu swali lako ni la waliojifungua. Halafu omba wanaume wachache wa mahojiano marefu, waume wa hizohizo nyumba. Lete maneno ya huyu fundi kama hoja, hatakataa. Ila kumbuka ukiongeza kundi jipya au swali jipya unarudi kamati ya maadili kuomba marekebisho, usianze kimyakimya.

Binti_wa_Makorora

Jamani sijui niseme nini, ahsanteni sana. Yule dada wa swali la 10 msiwe na wasiwasi, kabla sijafungua huu uzi nilishamuunganisha na nesi wa kituo cha afya, mwenyewe aliridhia, wanaonana siku za kliniki ya mtoto ili nyumbani pasizuke maswali.

Nimekaa na sapavaiza. La msaidizi wa kukaa na mama mkwe kalikubali haraka, maswali ya jana kayapenda mpaka anataka kuyatumia kwenye utafiti wake yeye. Wanaume kasema wawili watatu tu na wawe kwenye kiambatisho, ila nadhani akisoma mahojiano atalegea. Swali la kizazi kushuka na mkojo naliingiza, fomu ya marekebisho naijaza wiki hii. @Fundi_Gereji_Ngamiani kaka nakuja PM, kibali kikitoka kama utaridhia, na mkeo kama mwenyewe atapenda, tutamhoji sisi wanawake.

Swali la mwisho, wahojiwa niwape nini? Bajeti yangu ni ya mwanafunzi.

Nesi_Mstaafu

Mche wa sabuni na sukari kilo, mwanangu, wale wanafua kutwa. Toa ukishamaliza, usitaje kabla asije akakubali kwa ajili ya sukari. Na mama mkwe mpe cha kwake, ukimruka yeye mlango huo umefungwa.

Fundi_Gereji_Ngamiani

@Binti_wa_Makorora karibu, njoo baada ya saa kumi kibali kikiwa tayari. Mke wangu nimemuuliza kasema aje.