Mataa ya mstari angani Uyole, eti jeshi la Marekani lilichunguza likaficha?

Mwana Uyole
Wakuu habari za jioni. Jana mida ya saa moja na nusu usiku nikiwa nje nikaona mataa yamejipanga mstari mmoja, mengi tu, yanatokea upande wa Loleza yanaelekea huku Igurusi, hayana mlio wala hayapepesi, yakifika mahali fulani yanazima moja moja. Kwenye grupu la mtaa kuna jamaa kakomaa kwamba ni UFO, yaani vyombo vya angani visivyojulikana, na jeshi la Marekani lilichunguza kesi zaidi ya 12,000 likafungia majibu. Kuna ukweli au tunapigwa kamba?

Fundi Dishi
Hizo ni setilaiti za intaneti za Starlink mkuu, lala usingizi. Zinarushwa nyingi kwa mpigo na siku za mwanzo zinatembea kwa foleni kabla hazijapanda na kuachana. Huku chini jua limeshazama ila kule juu bado linazimulika, zikiingia kwenye kivuli cha dunia ndo unaona zinapotea moja baada ya nyingine.

Hiyo ya jeshi ni kweli nusu. Jeshi la anga la Marekani lilikuwa na mradi unaitwa Blue Book, 1952 mpaka 1969, pale Wright-Patterson, Ohio. Ripoti 12,618, ukihesabu na za nyuma tangu 1947. Nyingi zikakutwa ni sayari ya Zuhura, nyota, vimondo, maputo ya hali ya hewa, ndege za kawaida. Zilizobaki bila jibu ni 701. Na mafaili hayajafungiwa popote, yapo kwenye nyaraka za taifa lao mtu yeyote anasoma. Wale kazi yao kubwa haikuwa kutafuta viumbe wa sayari nyingine, roho ilikuwa juu zaidi kwa Wasovieti.

Mnyalukolo
701 unaziita zilizobaki? Halafu mbona unaruka kesi ya rubani Mantell, 1948 kule Kentucky, kafukuza kitu angani mpaka ndege ikaanguka akafa. Jeshi likasema alikuwa anafukuza Zuhura, baadaye likageuka ooh lilikuwa puto. Mtu mkweli habadilishi maelezo.

Mama Parachichi
Mimi niko Njombe, kiangazi watu wakichoma milima usiku na ukungu ukatanda, unaona mstari mwekundu unaelea juu hewani kabisa maana mlima wenyewe hauonekani. Mgeni kutoka Dar alitaka kukimbia jamani 😂 Ila hizo za jana na mimi nimeziona, nyeupe, siyo moto.

Fundi Dishi
@Mnyalukolo hapo kwa Mantell uko sahihi, Zuhura ilikuwa jibu la kulipua. Ila angalia kwa nini: lile puto linadhaniwa ni Skyhook, mradi wa siri wa jeshi la majini, makubwa balaa na yanapanda juu sana, kwa hiyo hata wachunguzi wenyewe hawakuwa na habari nayo. Mantell alipanda bila oksijeni, akazimia. Roswell 1947 hivyo hivyo, 1994 ndo jeshi la anga likasema yalikuwa mabaki ya Mogul, maputo ya kunasa sauti za majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Na ile ndege ya kijasusi U-2, kuanzia 1955 inaruka zaidi ya futi 60,000, marubani wa abiria wako chini huko giza limeingia wanaona kitu kinang'aa juu yao, wakiripoti nani atawaambia ni ndege yetu ya siri? Siri zilikuwepo sana tu, ila zilikuwa za mitambo yao wenyewe. Kwa hiyo ukinyimwa jibu usikimbilie sayari nyingine, anza na kambi ya jirani.

Mnyalukolo
Sawa, maputo nakupa. Hizo 701 bado nakudai.

Mwana Uyole
Asanteni wakuu. Nimepeleka maelezo kule kwenye grupu, admin kaniuliza nimetumwa na nani 😅