Mrejesho: ile storeji ya nyumbani, nimeishia kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya saizi ya kiganja)

Wakuu habari zenu, mwezi uliopita niliuliza nitumie nini kuhifadhi picha na video za familia ili simu na laptop zote za hapa home zizifikie kwa waifai, bajeti ndogo na LUKU isinimalize. Kuna walioniambia nifufue ile desktop ya zamani, nikapiga hesabu, wati 60 usiku na mchana kwa mwezi ni kama yuniti 43, hapana aisee.

Basi nikachukua Raspberry Pi 4 ya mtumba, ramu GB 2, nikaweka OpenMediaVault (programu ya bure ya kuigeuza kompyuta kuwa storeji ya mtandao wa nyumbani) na diski ya nje ya TB 2, zile ndogo za inchi 2.5. Vyote pamoja wati 8 hivi, yaani hata yuniti 6 kwa mwezi hazifiki.

Sasa kasheshe, wiki ya kwanza diski ikawa inapotea yenyewe kila nikikopi faili kubwa, nikajua nimepigwa, nikabadili waya wapi. Kumbe chaja! Nilikuwa natumia ya simu na Pi 4 inataka volti 5 ampea 3, halafu milango yake yote ya USB kwa pamoja inatoa ampea 1.2 tu, diski ikawa inakosa umeme wa kutosha. Nikanunua chaja yake na habu ya USB (ile ya kuongeza milango) yenye umeme wake, kimya mpaka leo.

Aliyeuliza bakapu, kopi nyingine iko kabatini kwa dada. Bado UPS tu (betri ya kushikilia umeme ukikatika), umeme ukikatika moyo unanipasuka.